Unaanza kushona zawadi na vipande vya kitambaa? Anza na kuchambua gunia

Naulizwanga sana kuhusu kushona vitu vidogo na mabaki ya vitambaa. Wengi ni wasichana wamemaliza kozi ya ushonaji, mashine wamepata lakini pesa ya kununua kitambaa ya mita bado, na wengine wanataka tu kushonea watu wa nyumbani zawadi ya Krismasi. Sasa kitu ya kwanza naomba mshike, usiamue utashona nini kabla hujajua ni nini iko ndani ya gunia yako ya vipande. Kitambaa ndio inaamua. Watu wanaona picha ya mkoba mzuri kwa simu halafu wanaanza kulazimisha vipande zikuwe huo mkoba, mwishowe unapata imevutika upande mmoja, mshono unafunguka, na kushona wanaacha hapo hapo na mkono wao hauna shida yoyote.

Vipande hapa Kisumu huwezi kosa. Enda kwa mafundi wa Kibuye, lakini si Jumapili juu soko inajaa na hakuna fundi atakusikiza, enda katikati ya wiki jioni wakati wanafagia chini ya mashine. Salimia vizuri, mwambie, "Fundi, naomba unisaidie na vipande, gunia niko nayo." Mwingine atakupa bure, mwingine atataka kitu kidogo kwa sababu kuna watu wanamnunulia za kujaza mito, na hiyo ni haki yake usibishane. Jua pia fundi wa harusi na fundi wa yunifomu hawatupi kitu sawa. Desemba kwa wa harusi utapata kitenge na satini, na shule zikikaribia kufunguliwa Januari kwa wa yunifomu ni bluu, kijivu na maruni tupu, kitambaa ngumu inayodumu, hiyo ni nzuri sana kwa ndani ya mikoba hata kama rangi yake haikufurahishi. Mshonee fundi wako kile kimto kidogo cha kuchomeka pini umpelekee, atakuwa anakuwekea vipande kando bila kuulizwa.

Haya, sasa mwaga gunia yote chini. Tenga zenye zinavutika, kama za tisheti, na zenye hazivutiki, na hizo mbili usiziunganishe kwa mshono mmoja, utaona mawimbi. Halafu tenga pamba na polista, na hapa watu wengi wanadanganyika na macho maanake siku hizi kuna kitenge ya polista imechapwa vizuri mpaka hutajua. Chomoa nyuzi chache, shika na kibano juu ya sahani, weka kiberiti. Pamba inawaka mara moja, inanuka kama karatasi imeungua, na jivu yake ukiigusa inapotea kwa vidole. Polista inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inabaki kijidonge kigumu. Ikifanya yote mawili basi ni mchanganyiko. Ngoja ipoe kabla hujagusa, inashika ngozi vibaya.

Kwa nini nasumbua hivo na moto? Kwa sababu zawadi watu wanapenda kushona kwanza ni kile kitambaa cha kushikia sufuria, na ukiweka polista pale, sufuria ya ugali ikitoka jikoni itayeyusha hiyo kitu kwa mkono wa mama yako. Cha kushikia sufuria kiwe pamba peke yake, juu kitenge, katikati taulo kuukuu mara mbili, chini jinzi, kama sentimita 20 kwa 20, na hata uzi uwe wa pamba ukipata.

Kabla ya kukata, osha. Kitenge mpya inakuja na stachi na ikioshwa inarudi, yaani inakuwa ndogo, kwa hivo ukishona kipande kilichooshwa na ambacho hakijaoshwa pamoja, siku mwenye zawadi ataosha kitajikunja chote. Zile nyekundu na bluu nzito, sugua na kitambaa cheupe kilicholowa maji, kikishika rangi ujue hiyo itachafua jirani yake, iweke kivyake. Piga pasi. Ya makaa inafanya kazi vizuri tu, bora uangalie jivu isidondoke. Na pasi utarudia kila ukimaliza mshono mmoja kabla ya kuvuka mwingine, hapo siwezi kukubembeleza, ni lazima. Mtu akiona kazi imenyooka mara nyingi ni pasi anaona.

Ukishachambua, utaona gunia yenyewe inakuambia. Vipande virefu vyembamba ni vya lastiki za nywele, kata sentimita 10 kwa 50, ndani lastiki ya kama 20, na hiyo ndio kazi nzuri ya kuanza nayo maanake ni mshono mmoja mrefu na kugeuza. Vya mraba vinatoshana na pochi ya kalamu ama ya sabuni ya mtoto wa bodi. Vikubwa kidogo ni mifuko ya soko, na mifuko inaenda sana tangu majuala ya plastiki yapigwe marufuku Agosti 2017, kila mtu anahitaji kitu cha kubebea nyanya na omena.

Kwa mfuko nataka ujifunze mshono mmoja tu wa ndani. Weka vipande viwili pande mbaya zikitazamana, yaani uzuri uwe nje, shona nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza nyuzi zinazoning'inia, geuza ili uzuri uwe ndani, piga pasi, halafu shona tena sentimita moja. Ule ukingo unafungwa ndani kabisa, hakuna uzi unatoka na huhitaji ovaloku, ile mashine ya kufunga ukingo wa kitambaa. Mikanda ikate kufuata urefu wa kitambaa, ukiikata mshazari itavutika viazi vikiingia. Pale mkanda unashikana na mfuko, shona kijisanduku chenye alama ya X katikati, maanake hapo ndipo mikoba yote inakatikia.

Ukishonea mtoto mdogo mdoli, macho yatarize na uzi. Vifungo vinang'oka na mtoto wa chini ya miaka 3 anaweza kumeza, na hiyo si kitu ya kubahatisha.

Ukiwa na oda ya vitu vingi, kata vyote kwanza kisha vipitishe kwa mashine vikifuatana bila kukata uzi kati ya kimoja na kingine, utakata ukimaliza. Inaokoa uzi na inaokoa muda zaidi. Badilisha sindano pia, namba 14 inatosha kitenge, jinzi na taulo zikipangana weka 16.

Bei ndio watu wanaumia. Wanasema vipande nilipewa basi niuze kidogo tu. Shona moja ukiangalia saa, andika umetumia uzi, lastiki ama zipu ya ngapi, nauli ya kuenda Kibuye, na hayo masaa ya kuchambua, kuosha na kupiga pasi pia yaingie, mengi ya kazi ni hapo. Hesabu hiyo ifanye kabla kastoma wa kwanza hajakuuliza ni ngapi, juu bei ukishaitaja chini ni ngumu kuipandisha kwa mtu huyo huyo, na atakuwa ameshaambia marafiki zake.