Kwa nini vitamini D haipandi baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Pole dada. Unauliza kwa nini kipimo chako cha vitamini D kwenye damu kimebaki nanogramu 18 kwa mililita ilhali unameza uniti 1,000 za vitamini hiyo kila siku tangu ufanyiwe baipasi ya tumbo. Dozi hiyo ni ndogo kwa aliyepitia upasuaji huo. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, na baipasi hukiruka kipande cha utumbo ambako mafuta huanza kuchanganyika na nyongo, kwa hiyo nyingi inapita tu. Miongozo ya upasuaji huu huanzia uniti 3,000 za D3 (aina mojawapo ya vitamini D) kwa siku hadi kipimo kivuke nanogramu 30 kwa mililita. Meza wakati wa mlo wenye mafuta, si tumbo likiwa tupu.

Ila tafadhali usijipandishie dozi mwenyewe: ikizidi mno, kalsiamu hujaa kwenye damu na figo ndizo huumia. Mwombe daktari arudie kipimo baada ya miezi mitatu hivi, na apime PTH pia, yaani homoni inayodhibiti kalsiamu mwilini. Hicho wengi hukisahau, nacho ndicho huonyesha kama mwili umeanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Kalsiamu yenyewe chagua ya sitreti, haitegemei sana asidi ya tumbo, na uipishanishe na vidonge vya madini ya chuma kwa saa mbili.