Liage Onyesho Ulipendalo Katika Siku ya Kawaida

Septemba 2022 ilipotangazwa kwamba onyesho la muziki The Phantom of the Opera lingefungwa huko Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York, nilifanya kosa ambalo wapenzi wengi wa jukwaa hulifanya: nilianza kuhangaikia tiketi ya usiku wa mwisho. Nilikuwa nimelitazama mara sita katika ukumbi wa Majestic, lilikodumu tangu Januari 1988, na nilihisi kwamba kukosa kuwapo siku hiyo kungekuwa kama kukosa mazishi ya mtu wa nyumbani.

Leo ningekushauri vingine. Usiku wa mwisho uwaachie waliolibeba onyesho, yaani waigizaji wa sasa na wa zamani, wanamuziki, washonaji wa mavazi na mafundi wa jukwaa, kwa sababu usiku huo makofi huufunika muziki na machozi huwa mengi kuliko utulivu. Wewe nenda mapema, siku isiyo na sherehe, waigizaji wanapofanya kazi yao kama walivyoifanya miaka yote. Nunua tiketi mara tu tangazo linapotoka. Onyesho hili lilikuwa lifungwe tarehe 18 Februari 2023, likaongezewa wiki nane kwa jinsi watu walivyozikimbilia tiketi, lakini nyongeza ya namna hiyo si ya kutegemewa.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kuchagua kitu kimoja ambacho hujawahi kukitazama vizuri, ukakitazama hicho. Mimi nilikaa pembeni, katika roshani ya juu, nikaamua kufuatilia kisanduku cha muziki. Onyesho huanza na mnada, na kabla ya ile taa kubwa ya vioo kufunuliwa na kupandishwa juu ya vichwa vya watazamaji, mzee aliye katika kiti cha magurudumu hununua kisanduku chenye sanamu ya tumbili aliyevaa joho la Kiajemi, mwenye matoazi mikononi. Mara sita nilikuwa nimekipuuza, macho yangu yakiisubiri taa. Safari hii nilitazama mikono ya mzee tu, jinsi ilivyokipokea polepole na kukituliza magotini, na sauti nyembamba ya kisanduku ilipolia nilishangaa kwamba sikuwahi kuisikiliza. Karibu saa mbili na nusu baadaye, yule mtu wa kinyago ambaye onyesho limepewa jina lake alipoachwa peke yake, tumbili akaanza kugonga matoazi yake tena, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini mzee alikitaka kisanduku kile kuliko vitu vyote vya mnada. Nililia, wala sikuona haya.

Usimtafute mchawi wa kufungwa kwenyewe. Onyesho lenye okestra ya watu 27 na mavazi ya kifahari kiasi kile hula fedha nyingi kila wiki, na baada ya kumbi kufungwa kutokana na janga la korona kuanzia Machi 2020, watazamaji hawakurejea kwa wingi wa kutosha kulibeba. Kuyajua hayo kulinisaidia kuhuzunika bila hasira.

Simu iache mfukoni, kwa kuwa kurekodi kumekatazwa, na zaidi ya hapo utatoka na picha hafifu ya kitu ambacho hukukiona. Ukifika nyumbani andika ulichokiona usiku uleule, hata kama ni kurasa mbili za mwandiko mbaya. Zangu bado ninazo.

Tarehe 16 Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981, pazia lilishuka nami sikuwapo. Jioni hiyo nilikuwa nikikumbuka ile siku yangu ya kawaida, jinsi nilivyobaki kitini mpaka okestra ilipomaliza kuwasindikiza watu kwa muziki, na chini kabisa, shimoni mwao, mwanamuziki mmoja alifuta ala yake kwa kitambaa, akaifungia kwenye kasha, kisha akazima kitaa kilichomulika noti zake.