Breki za mafuta za bei nafuu: usikubali fundi akutilie mafuta ya boda

Juzi kijana mmoja wa Tororo, hapa mashariki mwa Uganda, kaniandikia: "Kaka, nimenunua baiskeli ya mlima iliyotumika, breki ni za mafuta, leva inaingia mpaka inagusa usukani, fundi wa boda anasema tuongeze mafuta tu, nifanyeje?" Nikamjibu pale pale, usimruhusu aiguse! Halafu nikaona bora niandike kwa kirefu maana si yeye peke yake, wote tunaopenda milima hii tunataka kitu kimoja, kushuka mlima wa Wanale kwa spidi na kufika Mbale salama, na wengi wetu hatuna hela ya breki za wale wa mashindano.

Hii habari ya mafuta mimi inaniuma mpaka leo. Nilikuwa na Shimano MT200, moja ya breki za mafuta za bei ya chini kabisa za Shimano, nilizinunua mpya na zilikuwa zinakamata vizuri sana. Nikasafiri kikazi, nikaacha baiskeli kwa fundi abadilishe beringi za gurudumu la nyuma, beringi tu basi. Narudi ananipokea kwa furaha, "bosi, breki nayo nimekusevisi, nimetia mafuta mapya." Mezani kwake naona kichupa cha DOT 3, kile kile anachotilia pikipiki. Nikainama kuangalia fremu hapo karibu na kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, pale tone lilipodondoka rangi nyeusi imevimba kama lengelenge, nikagusa kwa ukucha ikachubuka yote, bati jeupe likabaki wazi. Nikamwambia ikiwa nje imekula rangi hivi, zile sili za mpira ndani zina hali gani? Akanijibu mafuta ni mafuta, breki ni breki, na jamaa waliokuwa wamekaa pale wakaangua kicheko, mmoja anasema huyu baiskeli yake anadhani ni ndege. Haikupita muda leva ya nyuma ikawa hairudi, pistoni zinazosukuma pedi zimekwama nje, pedi zinasugua diski muda wote mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Na Shimano hawauzi sili za ndani peke yake, kwa hiyo nilinunua leva na kalipa upya kwa pesa yangu mwenyewe, na hakuna aliyesema pole.

Sasa sikiliza vizuri. Shimano, Tektro na Magura wanatumia mafuta ya madini (mineral oil), ya Shimano ni mekundu, ukiyaona utayajua. Pikipiki na magari yanatumia DOT, na sili zilizotengenezwa kwa mafuta ya madini zikikutana na DOT zinavimba na kulainika, ndiyo mwisho wake. Kinyume chake nacho ni kweli, sili za DOT zikitiwa mafuta ya madini zinakufa vile vile. Hizi baiskeli za mitumba nyingine zinakuja na breki za Avid au za zamani za SRAM, hizo ni za DOT, DOT 4 au 5.1, kwa hiyo huyo wa Avid hata duka la spea za boda litamsaidia, ila chupa iwe haijafunguliwa, maana DOT inavuta unyevu wa hewani na ikishavuta inachemka mapema kwenye mteremko mrefu. SRAM wa siku hizi wana nyingine za mafuta ya madini, DB8 kwa mfano, kwa hiyo usikisie kwa jina la kampuni. Karibu kila leva imeandikwa aina ya mafuta kwenye kifuniko au pembeni, soma kabla hujafungua hata skrubu moja.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue breki gani namwambia nunua ile ambayo mafuta yake na pedi zake unaweza kuzipata bila kungoja mtu anayekuja kutoka Ulaya. MT200 na Tektro M275 kwangu zinatosha kabisa. Mwezi uliopita nimeshuka na MT200 zangu njia za Sipi, udongo mwekundu umelowa unateleza, tulikuwa na jamaa mwenye breki za pistoni nne za bei mbaya, na chini tulifika pamoja, mimi bila hata kuchoka vidole! Hilo nalisema kwa kifua mbele.

Siri ni kutunza, na kutunza maana yake usafi. Pedi ikinusa mafuta imekwisha. Usipulize mafuta ya cheni hewani karibu na diski, usishike diski kwa vidole vyenye grisi, ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi mpya zifundishe kazi kwanza, pata spidi ya wastani, kamata mpaka karibu usimame bila kufunga gurudumu, achia, rudia kama mara 20 hivi. Watu wanaruka hatua hii halafu wanalalamika breki mbovu. Pedi ikibaki nusu milimita, toa. Diski ya Shimano ikiwa mpya ina unene wa milimita 1.8, ikifika 1.5 toa. Na diski nyingi za bei nafuu zimeandikwa kabisa kuwa ni za pedi laini za resini tu, sasa ukisikia pedi za chuma zinadumu zaidi kwenye matope, ni kweli zinadumu, lakini hiyo diski zitaila, kwa hiyo angalia maandishi.

Kuhusu leva inayoingia mpaka mwisho, hiyo mara nyingi ni hewa. Hewa inapanda juu, kwa hiyo unatoa pedi, unasukuma mafuta kwa bomba la sindano kutoka kwenye kalipa chini, yanatokea juu kwenye leva, unagongagonga paipu taratibu mpaka mapovu yaishe. Kama povu ni dogo, inua usukani leva ikae juu kuliko kila kitu, ibane kwa kipande cha mpira wa tyubu kama tunavyofunga mizigo, lala, asubuhi fungua. Mara nyingi inasaidia kidogo lakini si dawa ya kudumu, mafuta lazima uje uyabadilishe tu.

Ukisafirisha baiskeli kwenye basi na gurudumu umelitoa, weka kipande cha karatasi ngumu katikati ya pedi, kwa sababu kondakta atashika leva tu, atashika, na pistoni zitatoka. Zikitoka zirudishe kwa kitu cha plastiki, si bisibisi.

Na kama baiskeli yako imetoka Uingereza, leva ya kulia mara nyingi ndiyo ya mbele, wakati zilizotoka kwingine Ulaya nyingi ya mbele ni ya kushoto, kwa hiyo kamata moja moja ukiwa umesimama kwenye tambarare kabla hujaanza kushuka.