Barua kwa Mwanangu Aliyeuliza Kama Aache Kutoa

Mwanangu mpenzi,

Salamu na dua nyingi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilivua miwani nikakaa nayo mapajani. Umeniuliza jambo ambalo wengi hulificha hata kwa mama zao. Unasema kwa miezi tisa sasa umekuwa ukitenga sehemu ya kumi ya mshahara wako kwa ajili ya wahitaji, kwa kuwa uliambiwa kutoa hukuza roho. Lakini ukijitazama ndani huoni kukua. Unahesabu ulichotoa. Ukiombwa mara ya pili uso unakunjamana. Yule uliyemlipia matibabu alipona akapotea, hata ahsante hakukuletea, nawe ukalala na kinyongo siku kadhaa. Ukamalizia hivi: "Mama, sadaka ya moyo kama huu ina faida gani? Si afadhali niache kwanza mpaka moyo utakate?"

Usiache, baba.

Kinyongo hicho hakikuletwa na sadaka. Kilikuwemo siku zote, ila hakuna kilichokuwa kimekigusa. Neno zaka kwa Kiarabu hubeba maana mbili, kutakasika na kukua. Wewe umeingoja ya pili, na unayoipitia sasa ni ya kwanza. Nguo ikilowekwa, maji hubadilika rangi, na asiyejua kufua akiyaona anaweza kudhani maji ndiyo yaliyoichafua nguo.

Umenikumbusha pia ule usemi kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ukasema basi wewe moyo huo huna. Usemi ule, mwanangu, hujibiwa nao yule anayesema hana mali. Haumwambii mwenye mali akae akisubiri moyo. Tazama zaka yenyewe ilivyowekwa. Kwa fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka mikononi mwako, na kiwango hicho wanazuoni wengi hukikadiria kwa thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu. Mwaka ukitimia inatoka. Nia inatakiwa, ndiyo, lakini nia ni kukusudia. Raha ya moyo ni jambo jingine, nayo haikuwekwa kuwa sharti. Katika sura ya Adh-Dhariyat, aya ya 19, wachamungu wanaelezwa kuwa katika mali yao imo haki ya aombaye na ya aliyenyimwa. Haki, baba. Mgonjwa wako alipopokea pesa zile alipokea kilichokuwa chake, kilikuwa kimepitia kwako tu. Sijui kama aliliona hivyo. Pengine aliona haya tu, na mtu mwenye haya hujificha hata kwa anayempenda.

Haya siyasemi kutoka juu ya kiti. Kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Niliwahi kumlipia binti mmoja ada ya shule kwa miaka mitatu. Ilikuwa pesa ya kushona usiku. Alimaliza, akapata kazi, nami nikafurahi kwelikweli. Siku moja nikamwona upande wa pili wa barabara, simu sikioni. Macho yetu yakakutana, akageuza uso, akapita. Nilibaki nimesimama na mkoba mkononi kama niliyesahau ninakokwenda. Jioni nikamwambia jirani yangu, "Yule niliyemsomesha mimi, leo hata salamu." Jirani akaniuliza taratibu, bila kunisuta, "Kwani ulimlipia ada ili akusalimie?" Sikumjibu. Niliingia ndani nikakaa kwenye cherehani, nikashona pindo moja, nikalifumua, nikalishona tena.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nakopesha huku nikijiita mtoaji, na riba niliyoitaka ni heshima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba siri ya binti yule nilikuwa nimeitia masikioni mwa mtu mwingine. Aya ya 264 ya Al-Baqara naijua tangu utotoni: msiharibu sadaka zenu kwa masimbulizi, yaani kutajataja wema uliomtendea mtu, na udhia. Nilidhani inawahusu watu wa majivuno, wenye kupaza sauti. Kumbe masimbulizi yanaweza kusemwa kwa sauti ya chini kabisa, mlangoni kwa jirani, na mwanamke aliyechoka.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kutoa hukuza roho, nitakuambia kulinikuza mimi pale pasipopendeza. Siku nilizojisikia vizuri baada ya kutoa zilikuwa nyingi, namshukuru Mungu, lakini sikumbuki kama zilinifundisha kitu. Pindo lile lilinifundisha.

Sasa nikupeleke upande wa pili, upande wa mkono unaopokea, kwa sababu nadhani huko ndiko kutoa kunakojifunziwa. Wewe ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa kitandani mwezi wa tano, na wateja wangu walikuwa wamepungua mpaka cherehani ikawa inakaa na kitambaa juu yake wiki nzima. Akaja mtu na mfuko wa nguo. Akaufungua mbele ya wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa, akazitoa moja moja, kila moja akiinyoosha hewani ili watu waione. Zilikuwa nguo nzuri na ulizivaa. Mungu amlipe. Lakini shati la kwanza lililotoka mfukoni lilikuwa la njano, na mpaka leo rangi ile nikiiona shingo yangu inapata joto.

Wiki ileile alikuja mwanamke niliyemfahamu kwa sura tu, na majora mawili ya kitambaa cha buluu. Alitaka sare 20 za watoto. Vipimo alikuwa ameviandika kwenye karatasi, na alilipa zote kabla sijakata hata moja. Pale mlangoni akageuka akasema, "Usijiharakishe, ila mishono iwe imara, watoto hawa wanacheza sana." Nilishona wiki tatu. Baba yako alikuwa akisikia sauti ya cherehani kutoka kitandani, na siku moja akasema nyumba imerudi kuwa nyumba.

Ilipita miaka sita ndipo nikajua kuwa zile sare zilikuwa za watoto yatima, na kwamba mama yule alikuwa na fundi wake wa siku zote. Kitambaa kile alikipitisha kwangu makusudi. Kwa pesa ileile aliwavisha watoto 20, akanisimamisha na mimi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama mbele yake.

Baadaye sana nilisoma habari za Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Córdoba katika karne ya 12 na kufariki mwaka 1204. Alizipanga namna za kutoa kama ngazi yenye vidato vinane. Kidato cha juu kabisa ni kumshika mkono aliyeyumba kabla hajaanguka, kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, ili asihitaji tena kuomba. Nilipofika hapo nikalia, maana nilikuwa nimemwona mtu akisimama juu ya kidato hicho mlangoni kwangu. Lakini wewe nataka utazame cha chini kabisa. Ni cha yule atoaye huku moyo wake ukisononeka. Na cha chini ni kidato pia. Mwanachuoni yule hakumwambia mtu huyo ashuke akangoje pembeni mpaka moyo ufunguke.

Mwanachuoni huyohuyo alisema jambo jingine ambalo nimeliishi. Alisema mtu anayetoa sarafu 1,000 kwa mpigo mmoja hapati tabia ya ukarimu kama anayetoa sarafu moja moja mara 1,000, kwa sababu tabia hujengwa na kitendo kinachorudiwa. Mwenye kupokea huenda angependelea zile elfu kwa pamoja, na kuna shida ambazo kweli hazitaki kidogo kidogo. Lakini wewe umeniuliza habari ya moyo wako, na moyo ni kama mkono wa mwanafunzi wa ushonaji. Hafundishwi kwa kushona kanzu moja kubwa. Anapewa vipande, anapiga mishono iliyonyooka, asubuhi mpaka jioni, kidole kinachomwa na sindano, na ipo siku mkono unakwenda wenyewe. Miezi tisa, baba, bado uko kwenye vipande.

Wewe ni mtu wa takwimu, kwa hiyo na hili nimekuwekea. Mwaka 2008 watafiti Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walipewa asubuhi dola 5 au dola 20. Wengine waliambiwa wazitumie kwa mahitaji yao, wengine wazitumie kwa mtu mwingine au kwa hisani. Jioni, waliotumia kwa wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi, na ukubwa wa pesa haukuleta tofauti. Lililonigusa ni kwamba watu wengine walipoulizwa wabashiri, walisema furaha itakuwa kwa kuzitumia kwa mahitaji yao wenyewe. Hatuijui mioyo yetu vizuri kama tunavyodhani. Lakini usiitafute furaha hiyo kama malipo. Itakuja na kuondoka, na siku ikiondoka usiseme sadaka imekufa.

Kuhusu kuficha. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwataja watu saba watakaokuwa kivulini siku isiyo na kivuli kingine, mmoja wao akiwa aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Ndugu zetu Wakristo wana agizo la namna hiyohiyo katika Mathayo 6:3. Al-Baqara 271 inasema kudhihirisha ni vizuri, ila kumpa fukara kwa siri ni bora zaidi. Tajiri mmoja Mmarekani, Chuck Feeney, aliunda mfuko wa hisani mwaka 1982 na kwa miaka mingi hakutaka jina lake litajwe. Mfuko ulipofungwa mwaka 2020 ulikuwa umetoa zaidi ya dola bilioni 8, na yeye akiishi katika nyumba ya kupanga. Kama aliweza kunyamaza juu ya mabilioni, sisi ada ya mtoto mmoja itatushindaje? Jaribu mwezi ujao. Toa kwa njia ambayo huyo mtu hawezi kujua ni wewe, kisha usimwambie mke wako wala mimi. Utaona jinsi ulimi utakavyowasha. Hapo utajua ni kiasi gani cha sadaka zako za zamani kilikuwa kinakula sifa.

Na usije ukajitesa kwamba ulichonacho ni kidogo. Osceola McCarty wa Mississippi aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze shangazi yake, akaishi kwa kufulia watu nguo na kuzipiga pasi. Mwaka 1995, akiwa na miaka 87, alitoa dola 150,000 za akiba yake kwa chuo kikuu kilichokuwa karibu naye ili wanafunzi wasio na uwezo wasome. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa katika darasa la chuo. Mimi niliyeshona nguo za watu maisha yangu yote, mikono ya mama yule naijua bila kuiona.

Machache ya mwisho, maana naona usiku umekwenda. Deni la watu ulipe kwanza, na walio chini ya paa lako usiwaache na pengo ili ukajaze la mbali. Tumeamriwa kuanza na wale tunaowalea. Pesa ya sadaka itenge siku mshahara unapoingia, kabla haijaanza kufanana na pesa yako. Ukiombwa na huna, neno zuri tu, usigombe. Aya ya 263 ya Al-Baqara inaliweka neno jema na msamaha juu ya sadaka inayofuatwa na maudhi. Ukidanganywa, na utadanganywa, uliza zaidi safari ijayo, lakini usimwadhibu anayefuata kwa kosa la aliyetangulia. Na siku moja moja kubali kupewa. Uliwahi kumkatalia rafiki yako aliyetaka kukubebea mizigo ulipohama, ukanisimulia kwa fahari. Anayejua kutoa tu na hajui kupokea, mimi humhofia kidogo.

Yule mgonjwa wako usimtafute. Mwombee afya aliko.

Binti yangu wa barabarani bado hanisalimii. Ana mdogo wake, mwaka huu ameingia shule aliyosoma yeye, na nyumbani kwao hali haijabadilika. Juzi nilikwenda kwa mwalimu nikaacha bahasha ya ada ya muhula, bila jina, nikamwomba asiseme imetoka wapi. Nimekuambia wewe kwa sababu umeniuliza kwa ukweli nami sikutaka kukujibu nusu. Ukishaisoma barua hii, jambo hilo usinikumbushe.

Mama yako