Mstari kwenye jeli bado si malaria: kwa wanaopima damu ya tumbili na nyani

Kama umeanza kutafuta vimelea vya damu kwa tumbili, nyani au mbega kwa kipimo cha PCR (kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kiweze kuonekana), nakuomba jambo moja: mstari ukitokea kwenye jeli, yaani pale vipande vya DNA vinapotenganishwa ili vionekane, usikimbilie kuandika "malaria" kwenye daftari. Subiri mpangilio wa DNA usomwe.

Praima nyingi tunazotumia (vipande vifupi vya DNA vinavyoelekeza PCR sehemu ya kunakili), hasa za jeni ya sitokromu b, hazichagui sana. Zinanasa Plasmodium, kimelea cha malaria, na zinanasa vilevile Hepatocystis, ndugu yake wa karibu anayepatikana sana kwa nyani na tumbili wa Afrika. Huyu huenezwa na usubi, si mbu wa Anofelesi. Huzaliana kwenye ini, na kwenye damu utakuta gametosaiti (hatua ya kimelea ya kike na ya kiume) peke yake. Ndiye aliyefuatiliwa kwa nyani wa manjano wa Amboseli, Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ulioonyesha kuwa tofauti kwenye jeni ya FY, ya protini iliyo juu ya seli nyekundu za damu, zinahusiana na nani anaambukizwa. Kazi kama ile ingekosa maana kabisa kama kimelea kingeitwa jina lisilo lake.

Hadubini nayo usiiache. Slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa inakupa picha ambayo PCR haitoi, ila isiachiwe neno la mwisho. Kule Kapit, Sarawak, nchini Malaysia, wagonjwa wengi waliosomwa kwa hadubini kuwa na Plasmodium malariae walikuja kugundulika mwaka 2004, kwa vipimo vya DNA, kuwa na Plasmodium knowlesi, kimelea cha nyani wa Asia. Kwenye slaidi viwili hivyo vinafanana mno.

Sasa porini. Daktari wa mifugo akishamlaza mnyama kwa dawa ya usingizi na kutoa damu, tumia chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande; heparini, dawa nyingine ya aina hiyo, huzuia PCR. Mimi hupenda sana karatasi za kuchuja, kwa sababu hazihitaji jokofu. Dondoshea damu, acha ikauke vizuri kivulini, kisha kila karatasi iingie kwenye bahasha yake pamoja na silika ya kunyonya unyevu. Karatasi iliyofungwa ikiwa bado na unyevu huota ukungu.

Maabara, balaa kubwa ni uchafuzi. Nikitoboa kipande cha karatasi yenye damu ya mnyama mmoja, natoboa kwa kifaa hicho hicho karatasi safi isiyo na damu kabla ya kugusa ya mnyama anayefuata, na vile vipande safi navipitisha hatua zote kama sampuli nyingine. Kimoja kikitoa mstari, matokeo yote ya siku hiyo nayasimamisha hadi nijue chanzo. Chumba cha kuandalia mchanganyiko kiwe mbali na cha kuendeshea jeli, hata kama ofisi ni finyu.

Grafu ya usomaji wa DNA ikirudi na vilele viwili mahali pamoja, huenda mnyama ana vimelea vya aina mbili kwa wakati mmoja. Hapo rudia kwa praima mahususi za kila aina. Ndiyo maana kila karatasi nabakiza doa moja zima lisilotobolewa.