PDF imegoma: maswali yenu, majibu yetu

Nimepakua fomu ya viza ya Kanada. Nikiifungua naona ukurasa mmoja tu umeandikwa "Please wait". Nasubiri weee, hakuna kitu, na intaneti yangu haina tatizo. (Msomaji, Tanga)

Usiendelee kusubiri, hakuna kitakachokuja. Fomu za uhamiaji za Kanada, kama IMM 5257, zimetengenezwa kwa mtindo uitwao XFA. Ndani ya faili mna fomu yenyewe, na mna pia ukurasa wa akiba kwa ajili ya programu zisizoielewa. Vivinjari vingi, na programu za PDF za kwenye simu, huishia kwenye huo ukurasa wa akiba. Ndio unaouona.

Dawa yake ni hii. Rudi kwenye tovuti, weka kipanya juu ya kiungo cha fomu, bonyeza kitufe cha kulia, chagua "Save link as" na uhifadhi faili kwenye folda unayoijua. Kisha fungua folda hiyo, bonyeza tena kulia juu ya faili, "Open with", halafu Adobe Acrobat Reader, ile ya bure ya kompyuta. Fomu itafunguka. Ukishajaza, bonyeza "Validate". Penye nafasi iliyoachwa wazi au tarehe iliyokosewa patawekewa alama ili urekebishe. Ikikubali, sevu kwa Ctrl+S.

Kuna kosa moja la kuepuka hapo: usisevu kwa kupitia "Microsoft Print to PDF". Njia hiyo hukupa nakala iliyokauka. Sehemu za kujazia hupotea, na ukigundua jina la baba limekosewa herufi, unaanza upya.

Kila nikifungua kitini nilichopakua kwenye tovuti ya chuo naambiwa faili limeharibika. Wenzangu linawafungukia. (Mwanafunzi, Eldoret)

Anza na ukubwa wa faili. Bonyeza kulia, "Properties", usome. Kama wenzako wana MB 4 na wewe una KB 600, upakuaji ulikatika njiani. Na jina likiishia na .crdownload, basi Chrome haijamaliza kulipakua.

Lakini kwa tovuti za vyuo, sababu huwa nyingine mara nyingi. Muda wako wa kuingia umeisha bila wewe kujua, tovuti ikakutumia ukurasa wa kuweka nywila, kompyuta ikausevu kwa jina la kitini. Kwa nje ni PDF, kwa ndani siyo. Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja: fungua faili hilo kwa Notepad, ile programu ndogo ya maandishi ya Windows. PDF ya kweli huanza na alama %PDF- ikifuatiwa na namba ya toleo, kama 1.4 au 1.7, kisha vinafuata vikorokoro visivyosomeka. Ukikuta <!DOCTYPE html, huo ni ukurasa wa tovuti. Ingia upya kwa nywila yako, upakue tena. Ukimaliza kuangalia, funga Notepad bila kusevu chochote, maana hata PDF nzima huweza kuharibika ikisevuliwa humo.

CV yangu nyumbani ni kurasa mbili. Nikifika steshenari inakuwa tatu, na mistari imehama. (Msomaji, Morogoro)

Bila shaka unapeleka faili la Word. Kompyuta ya steshenari isipokuwa na fonti uliyotumia, huweka nyingine, maneno yananenepa au yanakonda, mistari inasogea. Peleka PDF: kwenye Word nenda "File", "Save As", kwenye aina ya faili chagua PDF.

Kabla ya hapo, kagua karatasi kwenye "Layout", "Size". Word nyingi huja zimepangwa Letter, karatasi ya Kimarekani ya milimita 216 kwa 279. A4 ya kwetu ni 210 kwa 297. Badilisha iwe A4 ndipo usevu, ukague kurasa upya. Na flashi usiichomoe hivihivi. Bonyeza "Eject" kwanza.

Nachapa pateni za magauni. Nikiunganisha karatasi, gauni linatoka dogo. (Fundi cherehani, Mombasa)

Printa yako inapunguza ukurasa ili uingie ndani ya pambizo zake. Kwenye dirisha la kuchapa (Ctrl+P) la Acrobat Reader, toa "Fit" na uweke "Actual size". Kwenye Chrome fungua "More settings", kwenye "Scale" chagua "Custom", uandike 100.

Chapa kwanza ule ukurasa wenye mraba wa kupimia. Mraba wa sentimita 5 ukitoka 4.85, umepoteza asilimia 3, na kiuno cha 72 kitapungua kwa zaidi ya sentimita 2. Usikate kitambaa. Pateni ya Letter pia huingia kwenye A4 bila kupunguzwa: inakatwa milimita 3 hivi kila upande, na mara nyingi hapo ni peupe tu.

Kwenye skrini maandishi ni mazuri, kwenye karatasi ni vijisanduku. (Msomaji, Mwanza)

Printa imeshindwa kuzisoma fonti za faili hilo. Kwenye Acrobat Reader bonyeza Ctrl+P, kisha "Advanced", tia tiki kwenye "Print As Image". Kompyuta itaupeleka ukurasa kama picha. Itachelewa kidogo, hasa kwa kurasa nyingi, kwa hiyo chapa tano tano.