Muulize Mwalimu: Mwanangu wa kiume aitwe Zawadi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina ujauzito wa miezi minane na ultrasaundi imeonyesha mtoto wa kiume. Mama yangu mzazi aliitwa Zawadi. Alifariki mwaka jana kabla hajapakata mjukuu kutoka kwangu, nami nilijiapiza kwamba mtoto wangu wa kwanza atabeba jina lake. Mume wangu ameridhia, ila mama mkwe, ambaye ni Msukuma wa Magu, amekataa kabisa. Anasema hilo ni jina la kike, mtoto atachekwa shuleni na akikua hataheshimika. Wifi yangu anashauri tumwite Zawadi nyumbani, halafu kwenye cheti tuandike Daudi. Mimi ni Mluguru, kwetu ukoo unafuata kwa mama, kwa hiyo sioni ajabu yoyote. Nifanyeje?
Mama Mtarajiwa, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Mwite Zawadi. Nimetanguliza jibu ili usisome huku moyo unakwenda mbio. Ninayoongeza hapa ni namna ya kulifanya jina hilo likae vizuri, kwa sababu jina zuri huweza kumtesa mtoto kama wakubwa wamelishughulikia vibaya.

Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na miaka mingi nilikuwa Rungwe. Wanyakyusa wana majina mengi yasiyobagua jinsia: Lugano, Lusekelo, Gwakisa. Kuna mwaka nilipokea darasa la kwanza lenye Lugano wawili, mvulana na msichana. Daftari la mahudhurio tulikuwa tunalipanga wavulana juu, wasichana chini. Nikaita "Lugano" kule juu, zikaitika sauti mbili. Kesho yake nikaanza kuongeza jina la baba, na suala likaishia hapo. Hakuna mtoto aliyecheka, maana kila mmoja wao alikuwa na mjomba au shangazi wa jina hilo.

Mama mkwe wako naye ametoka katika watu wenye desturi hiyohiyo. Mtafute siku ametulia, umuulize kwa adabu: Kulwa ni jina la mvulana au la msichana? Na Doto je? Kwa Wasukuma pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, awe wa kiume au wa kike. Aliyeteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023 ni Dkt. Doto Biteko, mwanamume, na wasichana wanaoitwa Doto wamejaa Mwanza nzima. Najua Wasukuma wanayo pia majina yanayotengana, kama Mabula kwa mvulana na Kabula kwa msichana, kwa hiyo hofu ya mama haikutoka hewani. Lakini jambo unaloliomba si geni nyumbani kwake.

Zawadi ni jina la wote siku nyingi. Wapenzi wa mpira wanamjua Zawadi Mauya, kiungo aliyechezea Kagera Sugar na Yanga, na sijasikia shabiki akimwambia jina lake ni la kike. Bahati, Furaha, Riziki, Tumaini, Imani, Amani, yote hayo nimeyaita darasani kwa watoto wa kike na wa kiume. Tena wazazi wetu waliwapa watoto majina ya Shida, Tabu, Mashaka na Majuto, wa kike kwa wa kiume, na wala hakuna aliyesimama kusema mtoto atadhalilika. Mimi nimemwona binti wa darasa la pili akiinamisha kichwa kila ninapoita "Shida". Jina kama hilo ndilo linalonipa huzuni. Mvulana kuitwa Zawadi hakunitii hofu hata kidogo.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba kila jina ni sawa. Neema, Rehema, Upendo na Subira yameegemea sana upande wa wanawake, na kule pwani majina yanayoanza na Mwana, kama Mwanaidi au Mwanahamisi, yanatangaza jinsia kabla hujamwona mtu. Kwa Wajaluo herufi ya kwanza tu inatosha, Otieno ni wa kiume na Atieno ni wa kike. Kama ungeniuliza habari ya mvulana aitwe Mwanaidi, ningekuomba ufikiri tena.

Sasa hilo la kuchekwa. Watoto hucheka, na mama mkwe hakosei kulihofia. Niliwahi kuwa na wavulana wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wote wanaitwa Neema, jina gumu kuliko lako. Wa kwanza alipotaniwa alijibu bila kupepesa macho, "Ni jina la bibi yangu, alimlea baba yangu." Alikuwa ameisikia habari ya huyo bibi nyumbani mara nyingi, alijua hata shamba lake lilikuwa wapi. Wenzake wakachoka wenyewe. Wa pili, baba yake hakulitaka jina hilo tangu mwanzo. Alikuwa anamwita "wewe" au "kijana", na siku ya mkutano wa wazazi alilitaja mbele yangu kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Yule mtoto alifika darasa la nne akikataa kuitika. Jina lilikuwa lilelile. Kwa hiyo wa kumwangalia kwanza ni mume wako. Kuridhia peke yake hakutoshi. Anapaswa kulitamka kwa sauti mbele ya ndugu zake, na yeye ndiye akazungumze na mama yake, tena kabla hujajifungua. Wewe mkwe ukienda peke yako itaonekana umekuja kushindana. Amweleze mama kwamba ni kumbukumbu ya mtu aliyefariki, na kama mtajaaliwa mtoto mwingine, na yeye atapata wajina wake.

Ushauri wa wifi yako ndio unaonitisha kuliko yote, ingawa najua ameutoa kwa nia ya kupatanisha. Majina mawili, moja la nyumbani na moja la cheti, huanza kama amani ya familia na kuishia kwenye foleni za maofisi. Ukijifungua hospitali utapewa tangazo la kizazi, na jina litakaloingia huko ndilo litakalokwenda kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Kadi ya kliniki nayo ina jina. Miaka michache baadaye bibi anampeleka mtoto kuandikishwa shule, anataja jina analolijua yeye. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa amemaliza kidato cha sita, mkononi ana bahasha: cheti cha kuzaliwa jina moja, cheti cha kidato cha nne jina jingine. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yeye vyeti vyake vilikuwa kama vya watu wawili. Alihangaika na viapo vya wakili huku wenzake wanafungua chuo. Hakuwa na kosa lolote. Wazazi wake walishindwa kukubaliana siku aliyozaliwa.

Wala usifikiri utaliweka Zawadi katikati ili wote mfurahi. Kwetu nafasi ya katikati ni ya jina la baba, na ukipachika jina jingine hapo, kila fomu atakayojaza itamsumbua.

Kwa hiyo andika Zawadi kila mahali, kwa herufi zilezile. Karani hana orodha ya majina ya kiume na ya kike ya kukukatalia, tofauti na Iceland, ambako hadi mwaka 2019 sheria ilikuwa inayatenga. Ila kuna jambo moja ulisimamie mwenyewe: sehemu ya jinsi. Mtu akisikia Zawadi, mkono unaweza kuandika KE kabla ya kuuliza. Soma cheti pale pale dirishani, hakikisha kimeandikwa ME, ndipo uondoke. Na usichelewe. Katika mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, cheti hutolewa bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya.

Halafu mwanangu, tafuta picha ya mama yako uitunze. Mtoto akianza kuuliza maswali, mwonyeshe Zawadi wa kwanza ni nani, alipenda nini, alikuwa anaimba nini akipika. Atahitaji maneno ya kuwajibu wenzake, na hayo atayapata kwako.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Gedioni na mke wangu ni Anastazia. Binti yetu tumeunganisha majina yetu, tukapata Gedistazia. Wazee hawawezi kulitamka. Tubadilishe au tushikilie?
Baba Kijana, Kahama

JIBU: Kama cheti bado hakijatoka, badilisheni. Lipo jaribio ninalowapa wazazi wote wenye jina jipya: mpigie simu mtu asiyelijua, litaje mara moja, umwambie aliandike. Nimeshafundisha Brighton, Braiton na Brayton shule moja, na kila mmoja alikuwa akirudisha karatasi ya mtihani kusahihishwa jina. La kwenu nimempigia dada yangu aliyeko Bukoba, akaandika "Jedi Stasia", maneno mawili. Walimu na makarani nao wataandika wanavyosikia, na bibi zake watalikata wenyewe wapendavyo. Nimeelewa mnataka mtoto awabebe wote wawili, na hilo ni jema. Lakini jina lako wewe tayari lipo, litafuata la kwake kwenye cheti na shuleni. Basi la kwanza mwachie mama yake: mwiteni Stazia.